Namba Nilizoziandika Kitandani

Nina deni la siku kumi na moja na sijui nimlipe nani.

Mwaka 2014 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, nimekaa nyumbani sina mbele wala nyuma. Kijiji chetu kiko njia ya Mtae, ukishapita Lukozi, mahali ambapo mwezi wa saba ukitoka nje alfajiri unaiona pumzi yako mwenyewe inakutangulia. Wakaja watu wa mradi fulani wa utafiti, wakafunga vyombo vyao juu ya kilima nyuma ya shule: kipimamvua, na kisanduku cheupe chenye miguu, ndani yake mna kipimajoto cha kusoma joto la juu na joto la chini la siku. Wakatafuta kijana anayejua kusoma na kuandika namba. Nikapata mimi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi mpaka aibu: kila siku saa tatu asubuhi panda kilima, soma, andika kwenye daftari, rudisha vijiti vya kipimajoto mahali pake, teremka. Mwisho wa mwezi nilipeleka kurasa Lushoto mjini, nami nikabaki na nakala ya kaboni. Posho ilikuwa ndogo, lakini vocha na chapati hazikunishinda.

Mwanzoni nilifanya kazi ile kwa uaminifu. Kisha ukaja mwezi wa saba na ukungu wake, ule ukungu unaoingia mpaka chini ya blanketi. Siku ya kwanza nilijiambia kichwa kinauma, nitakwenda mchana. Mchana sikwenda. Usiku nikachukua daftari, nikatazama namba ya jana, nikaandika inayofanana nayo, nikaongeza nusu ili isionekane nimenakili. Kesho yake ikawa rahisi zaidi. Yaani uongo ni kama mteremko wa Soni, hatua ya kwanza ndiyo yako, zilizobaki ni za mteremko. Siku kumi na moja, jamani. Kuna siku niliandika hata macho hayajafunguka vizuri, daftari limelala kifuani.

Siku ya kumi na mbili nikapanda. Sasa kipimajoto cha aina ile kina tabia yake. Kijiti chake husukumwa na baridi, kikabaki pale pale baridi ilipofika, hadi mtu akirudishe kwa mkono. Kwa siku kumi na moja hakuna aliyekirudisha, kwa hiyo kilikuwa bado kimeushika ule usiku uliokuwa wa baridi kuliko zote. Kilisema nyuzi 5. Katika daftari langu, namba ya chini kabisa kwa siku zote zile ilikuwa 9. Nilisimama pale kama mtu aliyefumaniwa. Nikatazama nyuma kuona kama kuna mtu. Halafu nikakirudisha kijiti mahali pake, nikaandika ya siku ile, nikateremka.

Hakuna aliyeniuliza. Posho nililipwa yote.

Utaniuliza, mbona unatuletea habari za kipimajoto kwenye jarida la watu wanaojifunza kuandika? Nitafika huko. Kwanza ngoja nieleze kwa nini jambo dogo kama hilo limenikaa rohoni miaka yote hii, wakati mambo makubwa kuliko hilo nimeyasahau.

Baadaye nilisomea ualimu, somo langu likiwa jiografia, na ndipo nilipoelewa kile kilima kilikuwa cha nini. Watu wanaokadiria joto la miaka ijayo hutumia modeli za kompyuta. Modeli hizo huigawa dunia katika miraba, na kwa zile za dunia nzima, mraba mmoja mara nyingi una upande wa kilomita mia moja hivi. Hebu fikiri kilomita mia moja za kwetu. Ndani ya mraba mmoja unaweza kutia mbuga kavu za Mkomazi, mkonge wa Korogwe, joto la Mombo, msitu wa Magamba wenye ukungu, na bado ukabaki na nafasi. Mombo iko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, Lushoto mjini mita 1,400, na vilele vya Usambara Magharibi vinapita mita 2,200. Aliyewahi kupanda basi kutoka Mombo anajua: unaanza safari umefungua vifungo vya shati, ukifika Soni unatafuta sweta. Kila ukipanda mita elfu moja joto hupungua nyuzi kama 6. Lakini ndani ya mraba hakuna Soni. Milima yote imesagwa ikawa kichuguu kimoja kipana chenye joto moja la wastani, joto ambalo hakuna mtu anayeishi nalo, si wa Mombo wala wa Mtae.

Wataalamu wanalijua hilo, na wala hawalifichi. Wametengeneza modeli za kanda zenye miraba ya kilomita 50, kisha 25, na kwa utafiti maalumu wa Afrika wameshuka mpaka kilomita 4 na nusu. Hata hivyo mraba ukiwa mdogo namna gani, unahitaji mtu wa kuuambia kama umesema kweli. Mtu huyo ni kituo cha kupimia, na vituo vingi vya dunia hii viko mabondeni, kwenye viwanja vya ndege na penye miji. Huko juu ni vichache mno. Mwaka 2015 kundi la wanasayansi wa nchi mbalimbali lilichapisha makala likisema kuna ushahidi unaozidi kuongezeka kwamba sehemu nyingi za milima mirefu zinapata joto haraka kuliko chini, ila vipimo ni haba kiasi kwamba si rahisi kusema kwa hakika ni haraka kiasi gani. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi likaandika kwamba milima mirefu imekuwa ikiongezeka joto nyuzi 0.3 hivi kila miaka kumi, huenda ikawa 0.1, huenda ikawa 0.5. Angalia upana huo. Kati ya 0.1 na 0.5 mara ngapi? Mara tano! Na sababu mojawapo ya upana huo ni kwamba hakuna watu wa kutosha wanaopanda kilima saa tatu asubuhi.

Mmoja wa wale wachache nilikuwa mimi, nimejifunika blanketi.

Halafu kuna jambo lililoniuma zaidi nilipolielewa. Makosa ya kawaida ya kupima yana huruma yake: leo umesoma juu kidogo, kesho chini kidogo, ukijumlisha mengi yanafutana. Ya kwangu hayafutani. Mtu mvivu akibuni namba haandiki usiku wa ajabu. Huandika jana. Huandika wastani. Hakuna aliyelala kitandani akabuni nyuzi 5, kwani ataogopa kuulizwa. Kwa hiyo uongo wangu ulielemea upande mmoja, ulifuta usiku wa baridi kali na kuacha usiku wa kawaida tu. Na usiku wa baridi ndio wenye habari. Utafiti mmoja wa mwaka 2015 kuhusu kahawa ya arabika ya nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania ulikuta kwamba kinachoiumiza kahawa kuliko vyote ni kupanda kwa joto la chini, lile la usiku: nyuzi moja zaidi, na mavuno yanapungua kilo 137 kwa hekta kwa mwaka. La usiku, msomaji. Safu ile ile niliyokuwa nikiijaza kwa kumbukumbu ya jana.

Basi mwaka 2022 nilikwenda likizo, mjomba akanikalisha chini.

Mjomba wangu ni mkulima wa kabichi na viazi, mtu wa maneno machache, na alikuwa na robo tatu ya eka juu kabisa, karibu na msitu, ambayo alitaka kuipanda mapeasi. Miche alikwisha iona. Sasa peasi ni mti wa nchi za baridi. Unahitaji miezi ya baridi ili ulale, kisha uamke na kutoa maua kwa pamoja. Baridi ikipungua unachanganyikiwa, unatoa maua machache leo na machache mwezi ujao, matunda yanakuwa ya kuokoteza. Na si kabichi, kwamba mwaka huu ikikutupa mwakani unabadilisha. Ukipanda umeoa, miaka thelathini.

“Mjomba,” akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, “wewe ndiye msomi wetu. Hao wenzako wanasemaje? Baridi itakuwepo au haitakuwepo?”

Nikamjibu kama nilivyofundishwa. Nikasema itategemea, mpaka mwisho wa karne hii joto letu linaweza kuongezeka kuanzia nyuzi moja hadi nne au zaidi, itategemea dunia itachoma mafuta na makaa kiasi gani, na itategemea modeli, na kwa milima mirefu…

Mjomba akacheka. “Kati ya moja na nne mna shamba zima, mjomba.”

Ni kweli. Kwa hesabu ile ya mita elfu na nyuzi sita, nyuzi moja ni kama kuteremka mita mia na hamsini na kitu. Hapo peasi linaishi. Nyuzi nne ni kama mtu alinyanyue shamba lake na kulitua chini mita mia sita na zaidi, kwenye joto la ndizi. Nikaona aibu, nikafikiri nimemwangusha. Usiku ule nilitamani nimpe namba moja tu. Mbili! Kwa nini nisiseme mbili? Inakaa katikati, inasikika kama elimu, mzee angelala usingizi. Na hapo ndipo nilipojikuta tena kitandani na daftari kifuani.

Kwani kuna tofauti gani? Swali hili nimelizungusha miaka na ndilo lililonifanya niandike. Mtaalamu naye anapojaza mraba usio na kituo huwa anakisia. Huchukua vituo vya jirani, hutazama mwinuko, huandika namba ya mahali ambapo hakufika. Mimi nilichukua siku za jirani, nikaandika namba ya usiku ambao sikuuona. Kimahesabu tunafanana kuliko ninavyopenda. Na sisi tunaotaka kuwa waandishi, mbona kila siku tunaandika usiku ambao hatukuulala, vilio vya watu ambao hatukuzaliwa nao? Je, sisi sote ni waongo wa kilimani?

Naona tofauti haiko kwenye kukisia. Iko kwenye kile kilichoandikwa pembeni ya namba. Mtaalamu mwaminifu anaandika: hii nimekisia, na ninaweza kukosea kiasi hiki. Mwandishi wa hadithi anaandika “hadithi” juu ya ukurasa, nawe msomaji unaingia ukijua unaingia wapi. Mimi niliandika kisio langu ndani ya safu ya mambo yaliyoonekana kwa macho. Ukitaka kujua uzito wa kosa hilo, jaribu kulisahihisha. Nafasi tupu inajulikana kuwa ni tupu, mtu anaweza kuizunguka. Kisio lililotiwa alama linaweza kurekebishwa. Lakini namba yangu imevaa nguo za shahidi, imekaa mstari mmoja na mashahidi wa kweli, na hakuna mtu duniani anayeweza kuitofautisha nao isipokuwa mimi.

Kuna upande wa pili, na huo nauogopa vile vile. Kuna watu wanaodhani kwamba kwa kuwa hatuna hakika, basi tusiseme kitu. Kijiweni kwetu Mtae wako wengi. Asubuhi ambayo hewa ni safi, ukisimama ukingoni mwa Mtae unaiona mbuga ya Mkomazi iko chini kama mkeka, na mbali kabisa, ukibahatika, Kilimanjaro. Januari 2021 nilisimama pale na jamaa mmoja muuza viazi, akanionyesha kwa kidole. “Ile nyeupe ni nini? Si mlisema itakwisha?”

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walichapisha matokeo ya uchimbaji wao wa barafu ya Kilimanjaro, wakasema kama hali ya wakati ule itaendelea hivyo hivyo, barafu ile itatoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Lile “kama” lilianguka njiani. Magazetini na redioni ikafika tarehe peke yake, na tarehe ilipopita barafu ilikuwa bado ipo. Walibishana pia juu ya sababu, maana wapo wataalamu waliosema kilichoila barafu tangu mwisho wa karne ya 19 ni ukame wa hewa ya huko juu zaidi ya joto lenyewe. Sawa. Lakini mueleze muuza viazi na jambo hili pia: mwaka 1912 barafu ile ilifunika kilomita za mraba kama 12, mwaka 2000 zilikuwa zimebaki kama mbili na nusu, na imeendelea kupungua. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa taarifa kwamba barafu za Afrika zinakaribia kutoweka zote ifikapo 2050. Mwelekeo ulikuwa sahihi, tarehe ndiyo iliyokosea. Ila mtu akishakushika kwenye tarehe hakusikilizi tena kwenye mwelekeo. Namba iliyonyooka kupita ukweli wake inanunua usikivu wa mwaka mmoja, kisha inakula imani ya miaka ishirini.

Na kwetu Usambara tuna kumbukumbu ya wataalamu wenye hakika. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuokoa udongo wa bonde la Mlalo, na miaka ya 1950 ukaenezwa Usambara. Kila mtu atengeneze matuta mlimani kwa vipimo vya bwana shamba, asiyefanya anashtakiwa. Bibi yangu, aliyefariki 2011, alikuwa msichana wakati ule, na mpaka anakufa ukitaja neno “matuta” alikuwa anashika kiuno. Udongo kweli ulikuwa unakwenda na maji, hilo hakuna anayekataa. Lakini hakuna aliyewauliza wanawake waliolima kama mkono wao unatosha, na hakuna mtaalamu aliyesema, huenda nimekosea kidogo. Watu walikataa, siasa ikaingia, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Miaka mingi baadaye, tangu 1981, ulipokuja mradi mwingine wa kuhifadhi udongo Lushoto, ulilazimika kuanza kwa kuomba.

Nyuma zaidi ya hapo kuna wafalme. Wakilindi waliotawala kutoka Vugha walihesabiwa kuwa wenye mvua, na Kisambaa chetu bado kinayo maneno yake: kuzifya shi, kuitengeneza nchi, na kubana shi, kuiharibu. Steven Feierman ameandika kitabu kizima juu ya maneno hayo, mwaka 1990. Sikusudii kuwasifu waganga wa mvua, hawakuwahi kumwambia mtu kwamba mvua itanyesha “kati ya hivi na hivi”. Kinachonivuta ni jambo moja: aliyesema juu ya mvua alikaa pale pale mvua ilipokosekana. Njaa ikiingia, watu walijua mlango wa kwenda kubisha. Mimi nilikaa mita mia tatu kutoka kwenye kipimajoto na hakuna aliyejua mlango wangu.

Je, shaka inaweza kupunguzwa? Inaweza, ila polepole ajabu. Mwaka 1979 kamati ya wanasayansi wa Marekani, ikiongozwa na Jule Charney, ilikadiria kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu dunia itapata joto la nyuzi 1.5 hadi 4.5. Mwaka 2013, pamoja na setilaiti na kompyuta zote, jopo la kimataifa lilikuwa bado linasema 1.5 hadi 4.5. Ni 2021 tu ndipo walipoweza kubana: 2.5 hadi 4. Miaka arobaini na miwili! Mimi huwa nawapenda watu hawa kwa hilo. Wangeweza kusema tatu tangu mwanzo, wakapigiwa makofi. Na ukitazama masika yetu utaona kwamba hata sasa kuna fumbo: tangu miaka ya 1980 hadi karibu 2010 mvua za masika za Afrika Mashariki zilikuwa zinapungua, huku modeli nyingi zikisema zitaongezeka. Wao wenyewe wameliita kitendawili, na bado wanakitegua.

Lakini kuna shaka ya namna nyingine ambayo hata ukijaza vituo Usambara nzima haipungui. Kwa miaka ya karibu, modeli na bahati ya misimu ndizo zinazoleta tofauti. Kwa miaka ya mbali, mwisho wa karne, sehemu kubwa ya upana ule wa moja hadi nne inatokana na watu: watachoma kiasi gani, wataacha lini. Hiyo mimi naona si haki kuiita kutojua. Kutojua ni pale unapotazama kilima kwenye ukungu. Hii ni kama baba anayesema “sijui kama watoto watasoma” na ada iko mfukoni mwake. Na mfuko wenyewe si wa mjomba, ambaye mashine yake pekee ni redio.

Nirudi kwa mjomba, maana nilikuwa nimemdharau bila kujua. Asubuhi ile nilimkuta anapakia kabichi kwenye gari la Dar. Nikamuuliza bei ikoje. “Sijui. Sokoni jana ilikuwa nzuri. Kesho ikishuka nitapata nusu.” Na anapakia! Maisha yake yote ni kati ya moja na nne. Mtu anayepeleka kabichi Dar es Salaam bila kujua dalali ataamka na roho gani, huyo ndiye niliyeogopa kumpa namba mbili badala ya moja.

Nilimsimulia habari za wakulima wa Yamba, kijiji cha wilaya yetu hii hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 watafiti waliwatafutia sehemu za nchi ambazo hali ya hewa yake ya leo inafanana na ile inayokadiriwa kwa Yamba ya kesho, wakapandishwa gari, wakaenda kuona mpaka nyanda za juu kusini. Wakatembea mashambani kwa wenzao, wakauliza mnapanda nini, mnauza wapi. Mjomba alisikiliza hadithi hiyo kwa makini kuliko nyuzi zangu zote. “Hao wameonyeshwa,” akasema. “Wangenichukua na mimi.”

Hapo ndipo nikamwambia. Sijui kwa nini, labda kwa kuwa alikuwa ameniita msomi. Nikamweleza kilima, blanketi, siku kumi na moja, kijiti kilichosema 5. Nikaingia ndani kuitoa ile nakala ya kaboni, ambayo mama alikuwa ameihifadhi pamoja na vyeti vyangu. Barua pepe nilikwisha kuiandika mwaka 2019 kwa anwani ya mradi, ikarudi, mradi umekwisha na anwani haipo tena.

Mjomba hakusema lolote juu ya uongo. Alivaa miwani yake, akafuata safu kwa kidole chenye udongo mpaka kwenye zile tarehe za mwezi wa saba.

“Hizi?”

“Hizo.”

“Mwaka ule,” akasema taratibu, “viazi vyangu vya bondeni viliungua. Nilikwenda asubuhi nikakuta majani meusi kama yamemwagiwa maji ya moto, na kwenye nyasi umande umeganda. Nikawaambia watu, nikaambiwa ni ugonjwa, nikauziwa dawa.” Akagonga ukurasa. “Hapa umeandika tisa.”

Baridi ya mlimani huteremka usiku kama maji, ikajikusanya bondeni. Kilimani ikiwa 5, bondeni kwa mjomba ilikuwa chini zaidi. Nilimweleza hivyo, akatikisa kichwa kama mtu anayeelezwa habari za nyumbani kwake.

Nikachukua kalamu, nikakata mstari juu ya namba zote kumi na moja, kwa namna ambayo bado zinasomeka, na pembeni ya kila moja nikaandika: haikupimwa. Kwenye ya mwisho nikaongeza: ya chini kabisa kwa siku hizi zote, 5, usiku wake haujulikani.

“Na viazi?” mjomba akauliza.

“Hakuna safu ya viazi, mjomba.”

“Chora.”

Nikachora. Kisha akainuka kwenda kuitazama miche. Alipanda ishirini ya peasi upande wa juu, na chini yake safu mbili za parachichi, maana hilo, alisema, halichagui sana.